Daftari, Simu na Sukari ya Shangazi

Ndugu msomaji, huku kwetu Horohoro mtu akikuuliza "sukari yako ngapi leo?" usikimbilie kutaja bei ya kilo. Ni kweli sisi ni watu wa mpakani, sukari ya Kenya na ya Tanzania zinapishana bei hapa, na wapo wanaojua njia za porini za kuivushia. Hayo tunayajua na si kazi yangu kuyasema. Lakini siku hizi swali hilo lina maana nyingine. Anayeuliza ameshika simu, na anayejibu anataja namba yenye nukta: sita nukta nane, kumi na moja nukta mbili. Wazee wetu wamekuwa kama watangazaji wa hali ya hewa.

Mimi ni kijana wa miaka 24. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, nikabaki hapa kwenye kibanda cha mjomba cha kutuma na kutoa pesa. Mchana nahesabu fedha za watu, usiku naandika riwaya ambayo bado haijafika sura ya sita. Ukizaliwa mkoa wa Tanga ukasema unataka kuandika, wakubwa hawakawii kukukumbusha kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, kama vile kijana anayecheza mpira anavyokumbushwa Pelé. Sawa, mzigo huo nimeubeba. Nilikuwa natafuta kisa cha kuandika, macho yangu yako mbali, Dar es Salaam, Mombasa, kumbe kisa chenyewe kimekaa kwenye benchi la kibanda, kimejifunga kanga mbili, kinaniambia: "Baba, hebu nisomee hiki kidude kinasema nini."

Huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ananiita baba kwa sababu jina nililopewa ni la baba yake. Ana kisukari, ile aina ya pili ya watu wazima, tangu mwaka 2011. Alianza na vidonge vya metformini, vikamshika miaka kadhaa, kisha vikazidiwa, daktari akamwanzishia insulini ya mchanganyiko: sindano asubuhi na sindano jioni, kabla ya chakula. Friji hana. Kichupa cha insulini hukaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye mchanga wenye maji, nyuma ya nyumba kwenye kivuli. Ukicheka, jua kwamba hata wataalamu wameupima ubaridi wa vyungu na kuukubali.

Mwaka 2023 mwanawe anayefanya kazi Mombasa alimletea zawadi mbili katika mfuko mmoja: mashine ya kupima sukari, na simu janja. Ndani ya simu alikwishamwekea programu ya kisukari. Unatoboa kidole, stripu inanyonya tone la damu, mashine inatoa namba, namba unaiandika kwenye programu, nayo inakuchorea mstari unaopanda na kushuka kama milima ya Usambara. Basi. Kwa maelezo ya mwanawe kazi ilikuwa ya dakika moja.

Programu inazungumza Kiingereza. Shangazi anazungumza Kidigo, Kiswahili, na Kiarabu cha chuoni. Hapo katikati ndipo nilipoajiriwa mimi, bila mshahara.

Na si shangazi peke yake. Habari zilipoenea kwamba kijana wa kibandani anajua "simu za sukari", wakaanza kuja. Sikujua kama mtaani kwetu tuna wagonjwa wengi namna hii. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani waliutambua ugonjwa huu kwa sisimizi waliofuata mkojo. Leo haufuatwi na sisimizi, unafuatwa na bando. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani wanaishi nao. Mimi niliwaona sita kwenye benchi moja, siku ya Jumanne, wakibishana kama nanasi ni tunda la mgonjwa.

Jambo la kwanza lililotusumbua ni saa. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, simu inahesabu tangu usiku wa manane. Mzee mmoja wa hapa, naye ni mtu wa insulini, mjukuu wake alimtegea kengele ya sindano ya jioni. Mzee kasema saa mbili, mjukuu kabonyeza 2:00. Simu ikalia saa nane ya usiku, nyumba nzima imelala. Mzee akaamka, akawasha tochi, akashika bomba la sindano, maana simu imesema. Salama yake ni kwamba mkewe ni mtu wa maswali. "Sasa we mzee, ukishajidunga utakula nini, na jikoni hakuna hata cheche?" Insulini bila chakula inaishusha sukari mpaka mtu anaweza asiamke. Mzee akairudisha sindano. Asubuhi akaniletea simu kibandani, anataka niifundishe Kiswahili.

Shangazi yeye aliikataa kengele tangu siku ya kwanza. "Nina adhana mara tano kwa siku, za nini kengele nyingine?" Sindano yake ya asubuhi akaifunga kwenye sala ya alfajiri, ya jioni kwenye magharibi. Na kwa kuwa huku tuko karibu na ikweta, jua halibadilishi sana wakati wake wa kuzama mwaka mzima, hivyo hesabu yake ni nzuri kuliko unavyodhani. Mgonjwa wa Ulaya akifuata jua namna hiyo atajidunga saa kumi kipupwe na saa nne usiku kiangazi.

Kisha kuna dereva wa lori. Hupita hapa mara mbili kwa mwezi, Mombasa kwenda Dar, na hufika kibandani kutoa pesa wakati makaratasi yake yapo forodhani. Programu alijiwekea mwenyewe. Siku moja alikuja uso umempauka. "Mdogo wangu, mimi basi. Sukari mia na themanini." Nikamwambia toa mashine. Mashine inasema 10.0. Kumbe programu yake ilikuja na vipimo vya Kimarekani. Huku kwetu sukari ya damu hupimwa kwa milimoli katika lita, Wamarekani hupima kwa miligramu katika desilita, na ukitaka kutoka hesabu yetu kwenda yao unazidisha kwa 18. Kumi mara 18 ni 180. Nikampa mfano anaouelewa: shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania, namba mbalimbali, mkate uleule. Akavuta pumzi, akacheka, akanunua soda, nikamwangalia, akairudisha soda akachukua maji.

Huyo dereva ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye programu imemtoa kitako. Inamhesabia hatua. Mtu wa lori hukaa saa kumi na mbili kwenye kiti, basi akifika mpakani, badala ya kulala chini ya tela kama wenzake, anaizunguka foleni ya malori huku kashika simu. Wenzake wanamwita Askari wa Zamu. Hajali. Anasema kule upande wa Lunga Lunga alikwisha fika hatua elfu nne foleni bila kusogea hata gari moja.

Lakini nilitaka kusema habari ya bada.

Asiyejua bada si mtu wa Tanga, lakini kwa ajili ya wageni: ni ugali wa unga wa muhogo mkavu, yale makopa yanayoanikwa juani na kutwangwa, na unaliwa na samaki wa nazi au papa. Shangazi hajawahi kuishi juma zima bila bada. Programu inataka uandike ulichokula ili ikuambie wanga uliomo. Nikaandika bada, haikulijua. Nikatafuta muhogo kwa Kiingereza, ukaja muhogo mbichi: gramu 100, wanga gramu 38. Ahsante, lakini nani ameketi kula muhogo mbichi chakula cha usiku? Na kiasi kinapimwa kwa kikombe. Mkate ulikuwa wa aina nyingi hata nikachoka kusoma, keki zipo, biskuti za majina nisiyoweza kuyatamka zipo. Kitumbua hakipo. Mofa haupo. Wali wa nazi nao haupo, kuna wali tu, mweupe, mkavu, kama wa hospitali.

Shangazi akasikiliza malalamiko yangu, kisha akasema, "Andika matonge."

"Matonge mangapi, shangazi?"

"Si nitahesabu! Mkono ni wangu."

Tukaanza kuandika matonge. Programu ina kisanduku cha maelezo, pale unapoweza kuandika maneno yako. Matonge manane na samaki: saa mbili baadaye, 9.1. Matonge kumi na tano na embe dodo: 14.6. Matonge sita, akaenda shamba kupalilia: 6.9. Baada ya kama siku ishirini shangazi alikuwa na elimu ambayo haimo ndani ya programu yoyote, iliyopimwa kwa mkono wake mwenyewe, na haimwambii "usile bada". Inamwambia matonge manane. Nilikwishaona watu wakipewa karatasi za vyakula vilivyokatazwa, wakazitia mtoni kwa sababu karatasi inakataza maisha yao yote. Hii haikutiwa mtoni.

Kisanduku hicho cha maelezo ndicho kilichonifanya mimi niipende kazi. Shangazi hawezi kutaja namba tupu. Lazima aieleze. Nakumbuka baadhi: "Kumi na mbili nukta nne. Andika kwamba nimegombana na yule mwenye mbuzi." "Tano nukta tisa. Nimelala vizuri, nimemwota mama." "Kumi na tatu. Sijala kitu kibaya, nina jipu." Hilo la jipu lilinishangaza mpaka nikasoma: ni kweli, maradhi na ghadhabu hupandisha sukari hata kama mtu hakula. Mwili wenyewe unaimwaga kutoka kwenye ini. Shangazi alilijua hilo bila kusoma. Mwandishi gani hatamani mhusika wa namna hii? Mstari wa programu unapanda na kushuka bila sababu, kumbe sababu ni mbuzi.

Sasa tuje kwenye rangi. Sukari ikizidi 10 programu inaigeuza namba kuwa nyekundu. Siku moja shangazi alikuwa ametoka arusini Duga, pilau, visheti, halua. Mashine ikasema 17.8.

"Andika kumi na moja."

Nikanyamaza.

"Nimesema andika kumi na moja. Hiyo simu ni yako au yangu?"

"Ni yako, shangazi. Lakini damu nayo ni yako."

Tukakaa. Watu wakaja kutoa pesa wakaondoka. Mwisho akasema polepole kwamba anayemwogopa hayumo hospitali. Mwanawe aliiunga ile programu na simu yake mwenyewe, akiwa Mombasa anaona kila namba. Ikitokea nyekundu anapiga. "Mama umekula nini? Mama tulikubaliana nini?" Mtu wa miaka 63 anaulizwa alichokula arusini kama mtoto aliyedokoa nyama. "Kaninunulia simu ili anichunge kama mbuzi," alisema, na hapo sauti ilikuwa si ya mzaha.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na Kenya wanayo yao ya mwaka 2019. Nilimweleza shangazi kwamba habari za afya yake zinalindwa kisheria pande zote mbili za mpaka. Akauliza kama sheria hiyo inamhusu na mtu aliyemzaa mwenyewe. Sikuwa na jibu la kisheria. Tulilolifanya ni kumpigia simu mwanawe, shangazi akaongea naye robo saa kwa Kidigo, na makubaliano yakawa hivi: ataona, lakini hatapiga simu ila namba ikiwa chini ya 4 au juu ya 20. Halafu 17.8 ikaandikwa 17.8, na maelezo yake: "Arusi. Sijuti."

Nimesema chini ya 4. Watu wengi wanadhani kisukari ni sukari kupanda tu. Kupanda kunaua polepole, kwa miaka, macho, figo, miguu. Kushuka kunaua usiku mmoja.

Ukurasa wa mwanzo wa programu ya shangazi una duara. Ndani ya duara kuna wastani wa juma. Mwezi Juni 2024 duara lilikuwa kijani wiki tatu mfululizo: 7.9, 7.6, 7.8. Programu ilimpa nyota. Mwanawe alifurahi, alituma pesa ya kuku. Shangazi mwenyewe hakuwa na raha. Alikuwa anaamka kanga imelowa jasho, kichwa kinamgonga, ameota ndoto za kukimbizwa. Wengine wakamwambia ni jinamizi, wakamshauri mambo mengine ya kufanya. Yeye alikuwa akipima mara mbili tu, asubuhi na jioni, kwa sababu stripu ni ghali.

Usiku mmoja mjukuu anayelala naye alikuja kunigongea. "Bibi anaongea maneno hayaeleweki." Nikakuta amekaa kitandani, macho yako wazi, ananiita kwa jina la baba yangu, ananiuliza kama mashua imerudi. Baba yangu amekufa mwaka 2009. Mikono ya baridi, jasho linachuruzika. Nikamtoboa kidole: 2.4.

Kwa bahati kumeza alikuwa bado anaweza. Mjukuu akakoroga sukari vijiko vinne vya chai katika maji, nikamnywesha kidogo kidogo. Kanuni ni gramu kama 15 za sukari, kisha ungoje dakika 15, kisha upime tena. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Dakika 15, ndugu msomaji, ni ndefu mno. Nilikuwa na stripu tatu zilizobaki. Ya pili ikasema 3.3. Tukampa tena. Ya tatu ikasema 5.1, na shangazi akanitazama vizuri, akasema, "Baba, mbona uko chumbani mwangu bila shati?"

Asubuhi nikaiandika ile 2.4 kwenye programu. Ikaniletea maneno ya pongezi na fataki za rangi. Kazi nzuri! Umeandika kipimo cha usiku kwa mara ya kwanza! Na duara lilibaki kijani.

Nilikaa nikalitazama lile duara kwa muda. Chukua 3, chukua 13, wastani wake ni 8. Mtu mwenye 8 na 8 ana wastani huohuo, na hao ni watu wawili tofauti kabisa: mmoja amelala usingizi, mwingine anaongea na wafu. Programu haikusema uongo hata kidogo. Iliulizwa asubuhi na jioni, ikajibu asubuhi na jioni.

Siku zilizofuata tulipima saa tisa za usiku, usiku mmoja baada ya mwingine, pesa ya kuku ikageuka stripu. 3.1. 2.9. 3.4. Pakawa na ushahidi. Tukabeba simu mpaka kwenye kituo kimoja cha afya, sikitaji jina. Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi mmoja kwa watu kama hamsini. Nilipomnyooshea simu alisema bila hata kuinua uso, "Simu kaa nayo. Hapa tunasoma daftari." Kwa hasira nilitaka kujibu, shangazi akanibana mkono. Njiani akaniambia, "Kama wanataka daftari, si uandike daftari? Kwani kalamu yako ni ya riwaya tu?"

Nikanunua kaunta buku. Nilinakili wiki sita kutoka kwenye simu kwa mkono, mistari nimeipiga kwa rula: tarehe, saa (ya Kiswahili), sukari, alichokula kwa matonge, na maelezo. Zile za usiku nikazizungushia wino mwekundu. Usiku wa pili wa kazi hiyo umeme ulikatika nikamalizia kwa kibatari. Riwaya yangu haijawahi kuandikwa kwa bidii namna ile.

Tukapanda gari kwenda Tanga mjini, kilomita 65 za lami, kwenye kliniki kubwa. Daktari alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka sita. Alilifungua lile daftari, akaanza kwa haraka haraka kama wafanyavyo, kisha akapunguza mwendo. Akasoma habari ya mbuzi akatabasamu. Akafika kwenye wino mwekundu akaacha kutabasamu. Alimuuliza shangazi maswali mengi kuhusu zile ndoto, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Insulini ya mchanganyiko, alieleza, ina sehemu inayofanya kazi upesi na sehemu inayokuja polepole na kupamba moto saa kadhaa baadaye, na sehemu hiyo ya jioni ilikuwa inamkuta shangazi amelala, tumbo tupu. Akapunguza dozi ya jioni. Akasema apime usiku mara moja moja. Dakika kumi, tumemaliza. Tangu hapo kanga haijalowa ila mara mbili, na zote mbili zipo kwenye daftari.

Sasa usidhani naipiga vita simu. Bila simu daftari lisingekuwapo, maana shangazi asingekaa kunitajia namba zake kila siku miezi yote ile kama si kuona ule mstari ukipanda milima. Na wapo waliofikiri vizuri zaidi juu ya watu kama sisi. Nchini Senegali, mwaka 2014, wizara ya afya kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani ilianza kuwatumia wagonjwa wa kisukari ujumbe mfupi wa simu wakati wa Ramadhani, kuwashauri namna ya kula na kujilinda. Ujumbe wa kawaida tu, unaoingia hata kwenye kitochi. Kenya hapo jirani ilizaliwa Afya Pap, programu ya kisukari na shinikizo la damu inayosema Kiswahili na Kiingereza. Mmoja wa walioianzisha anaitwa Precious Lunga, na mimi mtu wa kukaa mkabala na Lunga Lunga nililipenda jina hilo hata kabla sijajua kazi yake. Kule Vienna, Austria, mwaka 2012 walianzisha mySugr, na baadhi ya waanzilishi wenyewe walikuwa na kisukari. Wao ugonjwa wameuchora kama zimwi dogo unalolifuga. Nilimwonyesha shangazi picha. Akalitazama sana. "Hawa watu wamejuaje? Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Ndio mara ya kwanza nilimwona akikubaliana na Mzungu.

Habari ya Ramadhani ilimuuma. Madaktari wanaoshughulikia jambo hilo wanasema wazi kwamba mgonjwa anayefunga akishuka chini ya 3.9 au akizidi 16.6 afungue palepale, na mtu wa insulini anayeshuka shuka kama yeye ni bora asifunge kabisa. Mashehe nao wamekwisha sema kutoboa kidole kupima hakufunguzi. Yeye alizungumza na daktari, akazungumza na shehe wa msikiti wetu, akatoa fidia. Jioni watu wakifuturu alikaa nao, lakini uso aliuelekeza pembeni. Hilo hakutaka niliandike kwenye maelezo. Ameniruhusu niliandike hapa.

Kuna mtoto mmoja pia, binti wa kidato cha pili, yeye ana aina ya kwanza, mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Watoto wa aina hii walikuwa wanakufa wote mpaka Januari 1922, pale Toronto, kijana wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson alipokuwa binadamu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Huyu wetu ana insulini, ana mashine, mama yake ana simu yenye programu. Ila shule haimruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Basi juma zima anaandika namba nyuma ya daftari la hisabati, na Jumamosi anakuja nazo zote. "Kaka," aliniambia, "kwenye programu mimi ni mtu anayeugua Jumamosi tu." Nikamwambia sentensi hiyo nitaiiba. Akasema nimlipe.

Alisoma mahali kwamba Ulaya tangu mwaka 2014 kuna kidude cha Abbott kinachobandikwa mkononi siku 14, unakipitishia kifaa cha kusomea juu yake na namba inatokea bila kutoboa kidole. Akanionyesha picha kama wasichana wengine wanavyoonyesha picha za viatu. Tukauliza bei yake Mombasa. Mama yake alisema, "Haya," akaendelea kusuka ukili.

Maana mwisho wa yote mambo haya yanarudi kwenye stripu. Programu ni ya bure. Bando tunalimudu. Lakini programu hainusi damu, inangoja namba, na namba inatoka kwenye kipande cha plastiki kinachotumika mara moja kikatupwa, na kichupa cha vipande 50 kinapoisha kabla ya mwezi, mstari wa kwenye simu unakatika kama barabara iliyochukuliwa na maji. Programu ikikosa namba siku tatu inatuma ujumbe: tumekukumbuka. Shangazi aliposomewa huo alisema waambie na wao watume stripu.

Leo ni tarehe 19. Zimebaki nne. Mwanawe hulipwa mwisho wa mwezi. Shangazi amezipanga mwenyewe, mimi nimeandika tu: moja ya kesho alfajiri, moja ya Jumapili baada ya maulidi kwa jirani, moja ya usiku saa tisa, na moja haina siku. Hiyo ameifunga kwenye pindo la kanga.